Je, Wajua? Kusubiri Nako ni Hasara

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota nchini Japani, alitaja aina 7 za upotevu unaokula faida, na kusubiri ni mojawapo. Mkulima wa kahawa wa Tarime anaijua hasara hiyo: buni mbivu isipomenywa mapema baada ya kuchumwa huanza kuchacha, na ladha ikishaharibika hairudi. Mashine ikiwa mbali au foleni ikiwa ndefu, jasho la msimu mzima hushuka daraja.

Tanzania iliutia mkazo utaratibu wa Kijapani wa kupunguza upotevu kama huu hospitalini kwanza. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kuujaribu kwa msaada wa Japani, kupitia shirika la JICA. Hatua zake ni 5: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote.

Mwaka 2013 ikawa zamu ya viwanda.

Mtaji mkubwa hauhitajiki. Mwenye duka la pembejeo pale Mugumu, Serengeti, anaweza kuanza leo: aondoe dawa zilizopitwa na muda, asogeze karibu bidhaa zinazotoka sana, kisha apime dakika anazosubiri mteja.