Meli inayopita juu ya mitaa

Meli ikikaribia mji wa Kalyazin, Urusi, abiria huacha chai mezani wakakimbilia sitaha. Katikati ya maji umesimama mnara mweupe wa kengele, uliojengwa mwaka 1800, wenye urefu wa zaidi ya mita 70. Kanisa lake lilibomolewa kabla ya bwawa la Uglich kujazwa, mwishoni mwa miaka ya 1930. Mitaa iliyouzunguka ikamezwa na maji. Mnara ukabaki kama mtu aliyesahauliwa mtoni.

Safari ya meli kutoka Moscow hadi St. Petersburg hunadiwa kwa kuba za dhahabu na ngoma za kienyeji, navyo vipo. Mimi naona utamu wake uko kwenye maji yenyewe. Unaanza kwa mfereji wa kilomita 128 uliofunguliwa mwaka 1937, uliochimbwa na wafungwa wa Stalin. Wengi walifia humo. Unashushwa polepole, lango la maji baada ya lango, ukiwa na glasi ya juisi mkononi. Raha hiyo ina haya kidogo.

Mji wa Uglich ndiko kwenye kisa ninachokipenda. Mwaka 1591 Dmitry, mtoto wa mwisho wa mfalme Ivan wa Kutisha, alikutwa amekatwa koo akiwa na miaka minane. Kengele ikalia, watu wakamiminika, wakawaua waliowashuku. Wakubwa wa Moscow waliwaadhibu wenyeji, kisha wakaigeukia kengele. Ikachapwa viboko, ikang'olewa ulimi, ikakatwa sikio, ikapelekwa uhamishoni Tobolsk, Siberia. Ilirudi mwaka 1892, baada ya karne tatu. Leo imetundikwa ndani ya kanisa jekundu lililo ukingoni mwa mto Volga, na si kubwa hata kidogo. Unajiuliza ilitisha nini.

Baada ya Yaroslavl, mji wenye zaidi ya miaka 1,000, meli huingia bwawa la Rybinsk. Hapo hakuna cha kupiga picha. Chini yake umelala mji wa Mologa, uliofunikwa kuanzia mwaka 1941. Watu wapatao 130,000 wa mji huo na vijiji vya jirani walihamishwa. Maji yakipungua sana, misingi ya nyumba hujitokeza.

Haya yote huonekana kuanzia Mei hadi Oktoba tu, kwani baadaye mito huganda. Mzee wa kwetu aliyesoma Chuo cha Lumumba, Moscow, atakusimulia theluji mpaka uchoke. Lakini kiangazi cha mtoni, ambapo mwishoni mwa Juni unasoma gazeti nje usiku wa manane, ni nchi nyingine kabisa.

Kaskazini, katika ziwa Onega, kipo kisiwa cha Kizhi na kanisa lake la mbao la mwaka 1714, lenye kuba 22. Waongozaji hupenda kusema halina hata msumari mmoja. Si kweli: magogo ya msonobari yameshikana kwa mikato ya shoka, lakini vigae vya kuba vimepigiliwa. Vimechongwa kimoja kimoja, na mvua na jua vimevigeuza rangi ya fedha. Lilipooza, mafundi walilinyanyua kwa jeki, wakaanza kulitengeneza kutoka chini, pete moja ya magogo baada ya nyingine, huku kuba zikining'inia juu ya vichwa vyao.