Mtaka nguru wa kilindini sharti ashushe mshipi

Ndugu msikilizaji, na wewe unayesoma mazungumzo haya gazetini, juma hili nataka tuzungumze juu ya mshipi wa kuvulia. Najua wako watakaoshangaa. Mtu wa Makote au wa Newala mjini, kule juu ya uwanda wa Makonde, atasema: sisi huku hata maji ya kunywa tumeyahangaikia miaka nenda miaka rudi, habari za ndoana za baharini zinatuhusu nini? Na mwenzake wa Masasi atamuunga mkono.

Jibu langu ni fupi: nenda sokoni. Nguru anayekatwa vipande Masasi, na ng'onda anayepandishwa Newala, wametoka Mtwara, Mikindani au Lindi. Namna walivyovuliwa kule ndiyo inayoamua kama kesho kutwa utawapata tena au utawakosa. Mvuvi akipata njia ya kumfikia samaki bila kubomoa nyumba ya samaki huyo, faida hupanda gari mpaka uwandani. Akitumia njia mbaya, hasara nayo hupanda gari lile lile.

Tuanze na kurambaza. Watu wa pwani wanaijua kazi hii. Chombo kinakwenda, kwa tanga au kwa mashine, na nyuma yake unaburutwa mshipi wenye ndoana na chambo. Samaki anayewinda, kama vile nguru, jodari, kolekole au mzia, akiona kitu kinakimbia hudhani ni samaki mdogo anayetoroka, naye hukivamia. Huu ni uvuvi wa heshima. Hauvunji mwamba, haukombi vifaranga, na samaki hunaswa mmoja mmoja.

Hata hivyo una udhaifu wake. Mshipi unaoburutwa hupenda kupanda juu, kwa sababu maji huusukuma na kuuinua kadiri chombo kinavyoongeza mwendo. Ukiufunga chubwi zito utashuka kiasi, lakini sasa samaki akinaswa unapigana na wawili, samaki mwenyewe na risasi uliyomfungia. Na mara nyingi jua likishapanda, samaki wakubwa huteremka kwenye maji ya chini. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Swali ni jinsi ya kuinama.

Kipo chombo kilichobuniwa kwa kazi hiyo, nacho huitwa daunriga. Kilipata umaarufu katika Maziwa Makuu ya Marekani. Mwaka 1966 jimbo la Michigan lilipandikiza samoni wa aina ya coho katika Ziwa Michigan. Samaki hao walistawi upesi, lakini wakati wa joto walizama kutafuta maji ya baridi ambako mishipi ya kawaida haikuwafikia. Ndipo wavuvi wa kule walipokishika chombo hiki kwa wingi, na tangu hapo kimeenea katika bahari na maziwa mengi duniani.

Siri yake ni kutenganisha kazi mbili. Kazi ya kuzamisha hupewa waya wenye uzito. Kazi ya kumvuta samaki hupewa mshipi. Kati ya hizo mbili huwekwa kibanio kinachoushika mshipi kwa muda tu, kisha kuuachia. Basi. Mengine yote ni ufundi wa kulitimiza jambo hilo.

Fikiria winchi ndogo iliyofungwa ubavuni mwa chombo, karibu na tezi. Ina mkono wenye kapi mwishoni, na juu ya kapi hilo hupita waya mwembamba wa chuma. Mwisho wa waya linaning'inia tufe la risasi, mara nyingi la kilo 4 au 5. Hapo kwenye tufe, au juu yake kidogo, ndipo kilipo kibanio. Winchi nyingi zina pia kihesabio kinachoonyesha urefu wa waya uliotoka.

Sasa naomba tufuatane hatua kwa hatua. Kwanza, chombo kiwe kinakwenda polepole na kwa mstari ulionyooka. Mvuvi auachie mshipi mpaka chambo kiwe nyuma mita 10 hadi 20, ili kisiwe karibu mno na tufe na waya, maana samaki mwoga huvikimbia.

Pili, aushike mshipi pale ulipo karibu na chombo na kuubana kwenye kibanio. Vibanio vingi vina midomo miwili ya mpira, mfano wa kibanio cha kuanikia nguo. Mshipi ukibanwa ukingoni mwa midomo, huachia upesi. Ukiingizwa ndani zaidi, huachia kwa nguvu kubwa. Asiye na kibanio anaweza kutumia mpira mwembamba, ule wa kufungia mafungu ya noti. Huuzungushia mpira kwenye mshipi, akaupitisha ndani ya kitanzi chake wenyewe na kuukaza, kisha akauangika upande wa pili kwenye kulabu ya tufe. Samaki akivuta, mpira hukatika na mshipi huwa huru.

Tatu, alegeze breki ya gurudumu la mshipi, huku kidole kikiugusa ili usitoke kwa fujo na kujisokota. Hapo ndipo ateremshe tufe, taratibu. Mshipi utalifuata.

Nne, tufe likifika kina anachotaka, akaze breki na kukusanya ulegevu mpaka ncha ya fimbo ya kuvulia ijipinde kuelekea majini. Kujipinda huko kuna maana yake. Samaki akigonga na kibanio kikaachia, fimbo hujinyoosha yenyewe na kuula ulegevu uliobaki. Mvuvi akiona fimbo imeruka juu ghafla, ajue kuna mgeni. Hapo azungushe gurudumu haraka, na mwenzake apandishe tufe ili waya usisokotane na mshipi. Kuanzia hapo anapambana na samaki peke yake, wala hana risasi ya kuvuta.

Ndugu msikilizaji, nataka usimame nami juu ya kile kibanio. Sisi tumezoea kusema fundo zuri ni lile lisiloachia. Fundo la kufungia mbuzi, fundo la gunia la korosho, yote tunayasifu kwa kushika. Katika kazi hii, la hasha. Mshipi ukifungwa moja kwa moja kwenye waya usiweze kuachia, samaki mkubwa ataukata na kuondoka na ndoana mdomoni. Samaki mdogo ataburutwa mpaka afe, na mvuvi hatajua lolote. Kiungo kikiwa legevu mno, nacho kitaachia kwa msukumo wa maji tu, na chambo kitapanda juu huku mwenye chombo akidhani kiko kilindini. Kwa hiyo kanuni ni hii: kiungo kiwe imara kuliko msukumo wa maji, lakini kiwe dhaifu kuliko mshipi. Kijaribu kwa mkono kabla ya kushusha. Kikiwa kigumu kwako kukinasua, kitakuwa kigumu kwa samaki pia.

Yapo mambo mengine mawili yanayowachanganya watu. La kwanza ni kina. Waya uliotoka mita 20 haumaanishi kuwa tufe liko mita 20 chini, kwa kuwa mwendo huusukuma nyuma. Ukilala nusu ya pembe mraba, yaani katikati ya wima na mlalo, kina cha kweli ni kama mita 14 tu. Dawa yake ni kupunguza mwendo au kuongeza uzito.

La pili ni uzito wenyewe. Wako watakaosema risasi ni ghali, tutumie zege. Sikatai, lakini tupige hesabu. Risasi ya kilo 5 ikiwa ndani ya bahari huvuta kama kilo 4 na nusu. Zege la kilo 5 huvuta pungufu kidogo ya kilo 3, kwa sababu ni kubwa zaidi na maji hulibeba. Tena ukubwa huo huo hulifanya lisukumwe nyuma zaidi. Atakayetumia zege na aongeze uzito, ajue pia kwamba winchi na mkono wake vitabeba mzigo huo kila anapolipandisha.

Usalama nao tusiusahau. Waya usizungushwe mkononi hata kidogo, maana unaweza kukata vidole. Tufe lisiachwe likining'inia hewani wakati chombo kinayumba. Mkasi wa kukatia waya uwe karibu, kwa kuwa tufe likinasa mwambani na mashine bado inavuta, chombo kidogo kinaweza kuingia maji. Mwenye busara huliweka tufe mita kadhaa juu ya mwamba, asiukwaruze. Na kusi ikichafuka, kazi hii aiache.

Mimi simwambii mvuvi wa Msimbati akaagize mtambo kutoka ng'ambo. Najua bei ya mafuta inavyombana, sembuse mtambo. Ninachosema ni kwamba kanuni yake haina siri. Mchomeleaji wa Mtwara anaweza kutengeneza winchi ya mkono, na mpira wa kufungia noti haumshindi mtu.

Na hapa ndipo penye uzito wa mazungumzo ya leo. Tangu miaka ya 1960 baruti imepasua miamba ya pwani yetu, na maji ya Mtwara yaliumizwa sana. Mlipuko mmoja huua mkubwa na mdogo, na wengi huzama chini bila kuokotwa. Ukishavunjika, mwamba huhitaji miaka mingi kurudi. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza milipuko. Baada ya msako ulioanza kupamba moto mwaka 2016, milipuko ilipungua sana. Lakini sheria peke yake haimshibishi mtu. Aliyeambiwa aache baruti ni lazima aonyeshwe njia nyingine ya kumfikia samaki aliyejificha kilindini, na mshipi unaoshuka ni mojawapo ya njia hizo.

Nasi wanunuzi wa Newala na Masasi tuna sehemu yetu. Samaki mbichi ambaye nyama yake imeachana na mfupa wa mgongo, na ndani damu imevilia ilhali ngozi haina jeraha, ni wa kutiliwa shaka. Muulize muuzaji kavuliwa vipi. Akiulizwa na wengi, naye atamuuliza aliyemuuzia, na swali litateremka kilomita kwa kilomita mpaka ufukweni.

Mvuvi wa mshipi anashusha, anangoja, na kiungo kinaachia kwa wakati wake. Mwenye baruti hangoji, na baada yake hakuna wa kungojewa. Tuzungumze tena juma lijalo.