Juu ya Hadithi za Upelelezi katika Kiswahili

Katika vitabu vya Kiswahili, vichache vimesomwa kwa hamu kama hadithi za upelelezi, na vichache vimedharauliwa kama hizo. Waalimu wengi huziita vitabu vya kupotezea wakati, na wanafunzi wao huzisoma kwa kuzificha chini ya meza. Sisi tumesoma nyingi, nzuri na mbaya, na katika makala haya twataka kusema wazi tuzionavyo, na kwa kipimo gani twazipima.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Kupeleleza ni kuchungua jambo kwa siri. Katika Biblia ya Kiswahili watu wawili waliotumwa na Yoshua kwenda Yeriko huitwa wapelelezi, nao hawakwenda kumtafuta mwuaji, bali kuiangalia nchi ya adui. Basi neno hili moja lamhusu mtu afuataye dalili ili amjue aliyetenda uovu, na tena lamhusu yule aingiaye kwa adui kwa siri, ambaye pia huitwa jasusi. Hadithi zetu nazo zimegawanyika vivyo hivyo, na mara nyingi wenye kusifu na wenye kulaumu hukosana kwa sababu hawakuzitenga aina hizi mbili.

Aina ya kwanza ni hadithi ya fumbo. Kwa Wazungu, wengi huihesabu tangu mwaka 1841, Edgar Allan Poe wa Marekani alipotoa hadithi yake ya mauaji ya mjini Paris. Kisha mwaka 1887 Arthur Conan Doyle akamleta Sherlock Holmes. Katika Kiswahili aliyeifungua njia hiyo ni Muhammad Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikapigwa chapa mwaka 1960. Zilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na nyinginezo. Ndani yake yumo Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum, na Inspekta Seif wa polisi. Kwamba Bwana Msa ana udugu na Sherlock Holmes, hilo halifichiki.

Hata hivyo watu wa pwani walikuwa na fumbo lao kabla ya vitabu hivyo. Mtu husema, “Kitendawili!” nao wenziwe huitikia, “Tega!” Akitega, “Nyumba yangu haina mlango,” msikilizaji amekwisha kupewa yote yanayohitajiwa: kuna kitu kinachohifadhi kilichomo ndani, nacho kimezibwa pande zote. Akishindwa hutoa mji, ndipo huambiwa kwamba ni yai. Naye hutoa mji bila kinyongo, kwa maana akisikia jibu huona mara moja ya kuwa dalili zilikuwa mbele yake tangu mwanzo. Lakini mtegaji angejibu kwa kitu ambacho maneno yake hayakukidokeza, nani angempa mji? Hapo ndipo twapata kipimo chetu.

Mwaka 1929 Padre Ronald Knox wa Uingereza, ambaye mwenyewe alitunga hadithi za namna hii, aliandika kanuni kumi kwa watungaji. Moja yakataza kulifungua fumbo kwa nguvu zisizo za kibinadamu. Nyingine yamkataza mpelelezi kuokota dalili yo yote pasipo msomaji kuonyeshwa. Twaona kwamba kanuni hizo mbili ni haki ile ile ya kitendawili, imeandikwa tu kwa njia nyingine.

Tukimpima Bwana Msa kwa kanuni ya pili, yatupasa kusema kweli: mara kwa mara hupungukiwa. Hujua mambo asiyomwambia Najum, na kwa kuwa msomaji hutembea pamoja na Najum, naye hunyimwa. Mwisho watu hukusanywa, Bwana Msa akaeleza yote kwa hotuba ndefu, na aghalabu siri hutokea katika mambo ya nasaba na ndoa ambayo msomaji hakuwa na njia ya kuyajua. Hapo sisi hatumpi mji. Twayasoma maelezo yake kwa raha, kwa maana Kiswahili chake cha Unguja kina utani na utamu mwingi, lakini hatukubali kwamba tumeshindwa kwa haki.

Kwa kanuni ya kwanza, twamsifu pasipo kusita. Tazama majina ya vitabu vyake viwili vya kwanza. Mzimu ni mahali pa kuogopwa, na Giningi katika masimulizi ya Unguja ndiko wanakokutana wachawi. Msomaji huingia na hofu aliyoirithi kwa wazee wake, kisha hukuta mkono wa mtu, wenye sababu za mtu: mali, wivu, au aibu inayofichwa. Bwana Msa huuliza nani alikuwa wapi, nani aliona kwa macho yake, na nani atafaidiwa na kifo hiki. Maswali hayo si mchezo. Katika Tanzania, hasa mikoa iliyo kusini ya Ziwa Victoria, vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, pasipo mtu kuuliza hata moja la maswali hayo. Kijana aliyezoea kuyauliza katika hadithi huenda akayauliza pia jirani yake anaponyoshewa kidole.

Aina ya pili ni hadithi ya hatari na mbio. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na baada yake vitabu vingi vya mjini vikafuata. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, jasusi wa Tanzania apambanaye na maadui wa ukombozi wa Afrika. Ben Mtobwa naye alimtunga Joram Kiango, ambaye Tutarudi na Roho Zetu? ni moja ya hadithi zake. Kuwalaumu hawa kwamba hawana fumbo ni kuulaumu mtumbwi kwamba hauendi nchi kavu. Ndugu yao ni Liongo, shujaa wa pwani. Masimulizi husema kwamba Liongo alipofungwa gerezani aliletewa tupa ndani ya mkate wa wishwa, akakata pingu huku watu wakipiga ngoma nje. Twafurahi anapotoka, kwa sababu tumeuona mkate ukiokwa na tumeisikia ngoma.

Hicho ndicho kipimo cha aina hii: je, njia ya kuponyoka iliandaliwa mbele yetu? Musiba na Mtobwa wanapoiandaa, kitabu hakiwekwi chini mpaka usiku wa manane. Wanapochoka, bastola huletwa ghafula, na adui aliyekuwa hodari kurasa mia moja huwa mjinga katika ukurasa mmoja. Tena twaona kasoro mbili zinazorudi katika vitabu vingi vya aina hii: wanawake huwekwa kuwa chambo tu, na shujaa huua pasipo hukumu, kana kwamba yeye ni mahakama. Hata hivyo sentensi zao fupi na lugha yao ya mjini zimewavuta vijana wengi kusoma Kiswahili kwa hiari yao, na hilo si jambo dogo.

Basi msomaji akipata hadithi ya fumbo, twamshauri aifunge kabla ya sura ya mwisho, amtaje mwenye hatia, na aseme ni kwa dalili gani. Kisha amalize. Akiwa amekosea, arudi nyuma azitafute dalili alizozipita. Akizikuta, ampe mtungaji mji wake. Asipozikuta, na akae na mji wake.