Kabla ya kuwaza Mirembe, anzia kituo cha afya
Mtoto halali, kajitenga na wenzake, darasani anashuka. Majirani wanasema karogwa. Wewe unawaza Hospitali ya Mirembe, Dodoma, na nauli huna.

Mzazi, anzia kituo cha afya cha jirani. Mapokezi, uliza: “Muuguzi wa afya ya akili anakuwepo siku gani?” Kwingine hayupo kila siku. Kama hawana kabisa, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya.

Beba dawa zote anazotumia, hata za kienyeji, na ukumbuke mabadiliko yalianza lini. Muuguzi akitaka kuongea naye faragha, wapishe.

Akisema anataka kufa, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke hospitali leo, na usimwache peke yake.