Tuijue PDF (2): Mafaili mengi kuwa waraka mmoja

Juma lililopita tulieleza asili ya PDF: ilivyotoka katika kampuni ya Adobe mwaka 1993, na ilivyofanywa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, mwaka 2008. Leo tunaingia katika kazi inayowasumbua sana vijana wanaotafuta ajira. Tangazo linataka barua ya maombi, wasifu, cheti cha kuzaliwa na vyeti vyote vya masomo, tena katika faili moja. Mwombaji ana mafaili sita. Anakwenda steshenari, analipa, anarudishiwa faili moja, na hajui limefanywa nini. Ni haki yake kujua, maana nyaraka zikiharibika katika hatua hiyo atakayekosa kazi ni yeye.

Wengi hudhani kuunganisha PDF ni kama kubana karatasi kwa stepla. Ndani ya faili mambo ni mengine kabisa. Faili la PDF huanza na mstari mfupi unaotaja toleo lake, mathalani %PDF-1.7. Hufuata mwili, yaani vipengee vilivyopewa namba: hiki ni ukurasa, hiki ni picha, hiki ni fonti. Baada ya mwili huja jedwali linaloonyesha kila kipengee kinaanzia baiti ya ngapi, kwa kuhesabu tangu mwanzo wa faili. Mwisho kabisa kuna mkia unaosema jedwali liko wapi na waraka unaingiliwa kwa kipengee kipi, kisha faili linafungwa kwa alama ya %%EOF. Programu ya kusomea PDF huanzia huko mkiani. Utaratibu huu una hekima yake: kwa kufuata jedwali, programu huruka moja kwa moja hadi ukurasa wa 300 bila kuzipitia 299 zilizotangulia.

Basi chukua mafaili mawili uyagandishe, la pili nyuma ya la kwanza, kama inavyowezekana kwa maandishi matupu. Programu itafika mwishoni, itaukuta mkia wa faili la pili, na la kwanza halitatambuliwa kamwe. Hata jedwali hilo la pili litakuwa na hesabu za uongo, kwa sababu lilipima tangu mwanzo wa faili lake, na sasa mwanzo huo umesukumwa mbele. Programu nyingine hujaribu kukarabati, nyingine hukataa kulifungua.

Kwa hiyo programu ya kuunganisha hulazimika kuujenga waraka upya. Karibu kila faili lina kipengee namba 1, namba 2 na kuendelea, na namba hizo zitagongana. Ikiwa faili la kwanza lina vipengee 120, kipengee namba 1 cha faili la pili kitaitwa 121, na kila mahali kilipotajwa patarekebishwa vivyo hivyo. Kurasa zote hupangwa chini ya shina moja jipya, idadi yake huandikwa, kisha jedwali na mkia mpya hutungwa. Hapo ndipo programu dhaifu hujikwaa. Ukurasa unaweza kurithi ukubwa wake, au mwelekeo wake, kutoka kwenye shina lake la zamani. Programu isiyoubeba urithi huo itakuletea cheti kilicholala ubavu au kilichokatwa pembeni.

Fomu za kujaza ndizo zenye hatari isiyotarajiwa. Katika PDF, visanduku viwili vyenye jina moja huhesabiwa kuwa kisanduku kimoja. Tuseme karani ana nakala mbili za fomu ileile, moja ya Asha na nyingine ya Juma, akaziunganisha bila tahadhari. Anaweza kukuta jina la Asha limejitokeza katika fomu zote mbili. Programu nzuri huvibadilisha visanduku majina, lakini si zote. Njia ya salama ni kuifungua kila fomu iliyojazwa na kuichapa upya kuwa PDF, ili majibu yawe sehemu ya ukurasa, na ndipo uunganishe.

Sahihi ya kidijitali nayo haivumilii kuunganishwa. Sahihi hiyo hukokotolewa kutokana na baiti za faili zima, isipokuwa mahali pale sahihi yenyewe inapokaa. Kwa kuwa kuunganisha hupanga baiti upya, uthibitisho hufa, hata kama picha ya sahihi bado inaonekana vizuri. Mkataba wa namna hiyo utumwe peke yake, au unganisha kwanza halafu utie sahihi.

Kuhusu vifaa, havihitaji fedha. Kwenye Mac, fungua faili la kwanza kwa Preview, onyesha picha ndogo za kurasa, kisha buruta faili la pili hadi kwenye safu hiyo. Kwenye Windows ipo PDFsam Basic, ya bure. Mwenye Linux aandike pdfunite, majina ya mafaili kwa mpangilio anaoutaka, na mwisho jina la faili jipya. Jina hilo la mwisho lisisahaulike: ukiacha kulitaja, cheti chako cha mwisho katika orodha kinaweza kuandikwa juu yake na kupotea. Tunza nakala za awali siku zote.

Zipo pia tovuti zinazounganisha bila kukudai chochote, nami nazikataa kwa nyaraka za binafsi. Nyingi hutaka upakie faili kwenye seva yao, ambayo huijui iko nchi gani wala inatunza nini. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, lakini cheti cha kuzaliwa kikishasambaa, sheria haiwezi kukirudisha kisionekane. Kompyuta ya steshenari inastahili tahadhari hiyohiyo. Kabla hujaondoka, futa mafaili yako kwenye folda ya vilivyopakuliwa, kisha usafishe na pipa la taka.

Mwisho, usitarajie faili jipya kuwa dogo. Kila waraka huja na picha na fonti zake, hivyo ukubwa hukaribia jumla ya mafaili yote. Mfumo ukikataa kwa sababu ya uzito, kosa haliko katika kuunganisha, bali katika picha zilizoskaniwa kwa ubora mkubwa kupita mahitaji. Hayo tutayashughulikia juma lijalo. Kwa leo nakuomba jambo moja, ndugu msomaji: kabla ya kutuma, lifungue faili ulilounganisha, uhesabu kurasa zake, na usome kila moja hadi ya mwisho.