Kijitabu cha Jangwani

Ndege za vita si habari ngeni kwa watu wa Mara. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera. Mwanzoni mwa vita hivyo, ndege tatu za jeshi letu ziliangushwa eneo la Musoma. Hazikuangushwa na adui. Ziliangushwa na walinzi wa anga wa Tanzania wenyewe. Waliziona zinakuja, wakadhani ni za Amin.

Machi 1979 ilikuja ndege nyingine kanda ya Ziwa. Ilikuwa ndege ya Libya, nchi iliyomsaidia Amin. Ilitaka kupiga mji wa Mwanza. Mabomu yake yalikosa shabaha, yakaanguka kisiwa cha Saa Nane na kuua wanyama.

Ndege ya vita ikipita juu, sisi wa chini tunaona chuma na kusikia ngurumo. Lakini ndani yake mna watu. Nyumbani kwao wako wazazi, wake na watoto. Je, ndege isiporudi, nani atawaambia jamaa zao? Hebu tusome kisa cha ndege moja iliyopotea huko huko Libya, miaka mingi kabla ya vita vya Kagera.

NDEGE ILIYOPITA KWAO

Ilikuwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wamarekani walikuwa na kiwanja cha ndege Soluch, karibu na mji wa Benghazi, Libya. Tarehe 4 Aprili, 1943, ndege zao za mabomu ziliruka kwenda kupiga bandari ya Naples, Italia. Ndege moja iliitwa Lady Be Good. Ilikuwa na vijana tisa. Rubani wao aliitwa William Hatton. Hiyo ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita.

Usiku walirudi peke yao. Hatton aliita kwa redio akasema chombo chake cha kuonyesha njia hakifanyi kazi. Aliomba aelekezwe. Lakini giza lilikuwa nene. Ndege ilipita juu ya kiwanja chao bila wao kujua. Wakaendelea mbele. Walidhani bado wako juu ya bahari, kumbe chini yao ni mchanga mtupu wa jangwa la Sahara.

Mafuta yalipokaribia kwisha, waliruka kwa miavuli. Walikuwa wamevaa majaketi ya kuelea majini. Waliangukia mchanga, mbali na kiwanja chao kiasi cha kilomita 700.

SIKU NANE ZA KIU

Asubuhi walikutana watu wanane. Wa tisa hakuonekana. Mwavuli wake haukufunguka vizuri, naye alikufa alipoanguka.

Wale wanane walikuwa na chupa moja tu ya maji, nayo ilikuwa nusu. Walikubaliana kila mtu anywe kifuniko kimoja kwa siku. Wakaanza kutembea kwenda kaskazini. Njiani waliacha alama: viatu, vipande vya miavuli, na majaketi yaliyowekewa mawe yasipeperushwe na upepo. Walitaka atakayewatafuta ajue wamepita wapi.

Walitembea zaidi ya kilomita 100. Ni kama mtu atoke Musoma kwa miguu, apite Bunda, aendelee mbele njia ya Mwanza, bila chakula na karibu bila maji. Mchana jua liliwachoma. Usiku baridi iliwanyima usingizi. Watano waliishiwa nguvu, wakabaki. Watatu waliendelea mbele kutafuta msaada. Hakuna aliyeokoka.

Ndege yao ilikuwa imeendelea yenyewe na kuanguka upande wa kusini. Ndani yake mlibaki maji, chakula na redio. Lakini wao walikwenda kaskazini. Hawakujua iko wapi.

MIAKA 16 BILA HABARI

Jeshi liliwatafuta baharini. Halikupata kitu. Jamaa zao huko Marekani waliambiwa kuwa vijana wao hawajulikani walipo. Baadaye wakahesabiwa kuwa wamekufa. Wazazi wakadhani watoto wao wamezama baharini. Hapakuwa na kaburi wala neno la mwisho.

Mwaka 1958 watu waliokuwa wakitafuta mafuta ya petroli waliiona ndege hiyo jangwani. Mwaka 1959 walifika penyewe kwa gari. Jeshi likaanza kuwatafuta wale vijana, likifuata zile alama. Mwaka 1960 maiti za wanane zilipatikana. Mmoja hakupatikana.

Rubani msaidizi, Robert Toner, alikuwa na kijitabu mfukoni. Kila siku aliandika maneno machache tu: wamebakiwa na maji kiasi gani, nani amechoka, baridi ya usiku, na sala zao. Aliandika mara ya mwisho tarehe 12 Aprili, 1943. Mkono wake ulikuwa dhaifu, lakini aliandika. Kwa sababu ya kijitabu hicho, jamaa zao walijua kuwa vijana wao hawakuzama. Walijua kuwa waligawana maji sawasawa, na kwamba walijitahidi mpaka mwisho. Mabaki yao yalirudishwa Marekani kwa mazishi.

NASI TUANDIKE

Mkoa wa Mara umetoa askari wengi. Jenerali David Musuguri wa Butiama aliingia jeshi la Keya mwaka 1942, akapigana huko Madagaska. Katika vita vya Kagera aliongoza Divisheni ya 20. Alifariki mwaka 2024. Huyo habari zake zimeandikwa. Lakini askari wa kawaida je? Huko Kaboya, wilaya ya Muleba, wamezikwa askari wetu zaidi ya 600 wa vita vya Kagera. Kila mmoja ana ukoo wake.

Kama nyumbani kwako yuko mzee aliyepigana, au yuko ndugu asiyerudi, chukua daftari na kalamu. Andika haya:

1. Jina lake kamili, la baba yake na la kijiji chake.
2. Mwaka alioingia jeshini, na namba yake ya jeshi kama inajulikana.
3. Mahali alipopigana, na habari ya mwisho iliyopatikana juu yake.
4. Jina la aliyekusimulia, na tarehe uliyoandika.

Barua na picha zake zifunge vizuri, uziweke mbali na mvua na mchwa. Usingoje kuandika mengi. Toner aliandika maneno machache kwa siku, nayo yalitosha.