Randa ya Fezi Tatu, Stima ya Fezi Moja

Je, wajua kwamba randa iliyoundwa kwa stima ya fezi tatu inaweza kufanya kazi barabara penye fezi moja? Seremala wa Mtwapa akinunua mashine kuukuu, akute bamba la mota limeandikwa fezi tatu, volti 240/415, na karakana yake ina volti 240 za fezi moja, asiing'oe mota ile. Atafute inveta. Mota hiyo ni ya kuhifadhiwa: tangu Dolivo-Dobrovolsky alipoiunda Ujerumani mwaka 1889, haitaki brashi wala kianzishio. Mawimbi matatu ya stima, kila moja likilifuata jingine kwa theluthi ya mzunguko, huzaa usumaku unaozunguka na kuikokota rota. Usumaku wa fezi moja hupanda na kushuka papo hapo. Mota iliyosimama hunguruma tu, na ikiachwa huungua.

Inveta huigeuza stima ya 240 kuwa mkondo mnyoofu wa volti zipatazo 340, kisha huukata maelfu ya mara kwa sekunde na kuujenga upya kuwa fezi tatu. Hapa ndipo penye kosa la kuepukwa: inveta ya kawaida haipandishi 240 kuwa 415. Kila koili ya mota hiyo ni ya volti 240. Zikifungwa nyota hutaka 415, zikifungwa delta hutosheka na 240. Basi vipande vya shaba vinavyoziunganisha koili ndani ya kisanduku cha mota vihamishwe viwe delta. Vikiachwa kwenye nyota, nguvu ya kuzungusha hubaki kama theluthi, na ubao wa kwanza wa mvule utaisimamisha randa.

Atakayesema kuiendesha mota kwa kapasita badala ya inveta ni rahisi zaidi hajakosea kuhusu bei. Ila kwa kapasita mota hutoa takriban theluthi mbili za uwezo wake, na koili hugawana mzigo sawasawa kwa uzito mmoja tu wa kazi, ilhali kila ubao una ugumu wake. Mwingine atahofia kwamba inveta italemea laini. Kinyume chake, mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida, na taa za jirani hufifia. Inveta huianzisha polepole. Lakini haizalishi nguvu. Mota ya kilowati 2.2 ikibanwa na kazi yaweza kuvuta zaidi ya ampea 15, kwa hiyo soketi ya ampea 13 haifai. Ivutiwe waya wake. Kinu cha posho cha kilowati 15 ni habari nyingine: hicho kiombewe fezi tatu Kenya Power.

Pwani, hewa ya chumvi ikichanganyika na unga wa mbao hushambulia sakiti, hivyo inveta iwekwe mbali na mashine, ndani ya kisanduku kinachopumua kupitia chujio. Kisifunguliwe punde stima inapozimwa, kwani kapasita za ndani hubaki na chaji ya kuua kwa dakika kadhaa.